Unaenda Lini?

Mwambie mtu wa Nairobi kwamba unasoma Kijerumani. Hatakuuliza kama sarufi yake ni ngumu au kama umefika mahali unaweza kusoma hadithi. Atakuuliza, "Unaenda lini?" Mwambie unasoma Kichina, atataka kujua ni kampuni gani imekuajiri. Mwambie Kikorea, atacheka na kukushauri upunguze kutazama drama usiku. Sasa jaribu hii: mwambie unasoma Dholuo, na wewe si Mjaluo. Atanyamaza kidogo, akuangalie vizuri, halafu ashushe sauti: "Umepata mtu huko?"

Nimeyafikiria sana maswali hayo, kwa sababu yote yanatoka mahali pamoja. Yanachukulia kwamba mtu mzima mwenye akili zake hawezi kukaa chini ajifunze lugha ya wengine mpaka asukumwe na visa, mshahara au mapenzi. Kama hakuna hata moja kati ya hayo matatu, basi ni wazimu kidogo, ama ni mambo ya watoto wa kishua. Na mtu akishakuwa na Kiingereza, manze, anatafuta nini tena?

Hilo la mwisho ndilo linalonikosesha usingizi. Tuseme nina Kiingereza kizuri. Naweza kufanya kazi nacho, kupenda nacho, kwenda kortini nacho, kuugua na kuzikwa nacho. Naweza kumaliza maisha yangu yote hapa Nairobi bila kujifunza lugha ya mtu mwingine, na nisikose chakula hata siku moja. Je, kuna ubaya nikiishi hivyo? Siulizi kama nitakosa nafasi za kazi. Nauliza kama kuna mtu ninayemkosea.

Kwanza niseme kitu kuhusu wanaosoma kwa ajili ya visa, maana ni rahisi sana kuwacheka. Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamiaji na ajira kule Berlin, na tangu hapo Kijerumani kimekuwa lugha ya mtaa. Madarasa yako juu ya maduka ya simu, yako nyuma ya saluni, yako kwenye WhatsApp. Watu wasiowahi kuona theluji wanajadili A2 na B1 kama vile wazee wetu walivyojadili bei ya kahawa. Kwenye ploti yetu kuna nesi aliyekosa kuajiriwa tangu amalize chuo. Anafua nguo huku akinong'ona der, die, das, na akikosea anajipiga paja. Huyo simcheki. Anapanda mlima ambao hakuna Mjerumani atakayeshuka kumpokea nusu ya njia. Akifika B2 ataruhusiwa kuwabeba wazee wa watu wengine, na atawabeba kwa lugha yao.

Tena mimi mwenyewe nakula kwa lugha ya kuazima. Niliacha chuo mwaka wa pili, ada ilipomshinda mathe, na tangu hapo kodi ya nyumba imelipwa na Kiingereza: kunakili mahojiano, kuandika maelezo ya bidhaa, kutafsiri maneno yanayopita chini ya filamu. Kiingereza hakikuwa cha kwetu, na hakuna aliyeniuliza kama nakipenda. Kwa hivyo sitaki kusikia hoja kwamba lugha ya tumbo si lugha ya kweli. Watu wengi duniani wamejifunza lugha wakiwa na njaa, na wengine wakazipenda baadaye.

Kinachonishangaza ni upande wa pili, upande wa wale ambao hawahitaji.

Uingereza ndiyo mfano rahisi. Tangu mwaka 2004 serikali imeruhusu kwamba mwanafunzi wa England akishafika umri wa miaka 14 anaweza kuacha kabisa lugha za kigeni. Hazikupigwa marufuku, zilifanywa za hiari tu. Idadi ya wanaofanya mtihani wa Kifaransa na Kijerumani ikaporomoka. Marekani, kati ya 2016 na 2021, wanafunzi waliojiandikisha kwenye madarasa ya lugha nyingine vyuoni walipungua kwa asilimia 16.6. Mwaka 2023 Chuo Kikuu cha West Virginia kilikuja na mpango wa kuivunja idara nzima ya lugha za dunia. Baada ya kelele wakabakisha kidogo, lakini nyingi zilikatwa. Ajabu ni kwamba katika miaka hiyohiyo Kikorea kilikuwa kinapanda. Vijana waliokuwa wakiambiwa wapunguze drama ndio waliojaza madarasa.

Mtu anaweza kusema Waingereza na Wamarekani ni wavivu. Sidhani. Nadhani wamepiga hesabu, na hesabu yao ni sahihi. Kwa nini ujifunze Kifaransa miaka mitano ili hatimaye Mfaransa akujibu kwa Kiingereza? Kwa nini usumbuke na Kihispania ilhali mhudumu wa hoteli kule Barcelona ameshasumbuka kwa niaba yako? Mwenye Kiingereza akikaa tu alipo, dunia inamjia. Hajafanya kosa lolote. Amekaa tu.

Lakini hebu tuangalie kinachotokea. Watu wawili wasio na lugha moja wakitaka kuongea, kuna mzigo pale katikati na lazima mtu aubebe. Mmoja lazima aache lugha anayoota nayo, aingie kwenye lugha ambayo yeye ni mtoto. Atatafuta maneno. Atasema mambo mepesi kuliko anayofikiria. Atachekwa. Mzigo huo haupotei kwa sababu wewe huuoni, na ukiona umekwenda mbali bila kuhisi uzito wowote, jua kuna mtu kaubeba. Na ukichunguza utakuta mara nyingi ni yule mwenye nguvu kidogo zaidi kwenye chumba.

Nimeuona mzigo huo kwa macho yangu. Nyanya yangu anaongea Kikamba tu, na Kiswahili cha kununulia sukari. Siku moja tulimpeleka hospitali. Daktari alikuwa kijana mpole kutoka upande mwingine wa nchi, ana Kiingereza na Kiswahili safi, na hilo si kosa lake, alipelekwa kazini pale. Mimi nilikuwa kwenye foleni ya kulipa. Hata ningekuwa ndani, kuna mambo ambayo nyanya hamwambii mjukuu. Basi mama aliyekuwa akipiga deki akaitwa. Akaweka ndoo chini, akapangusa mikono kwenye aproni, akawa mdomo wa nyanya. Maneno ya mwili wake, yale ambayo hajawahi kumwambia hata binti yake, yalipitia kwa mtu mwenye mopu ndipo yamfikie mwenye kalamu. Nyanya aliongea dakika tano. Daktari aliandika mistari miwili. Kisha yule mama akachukua ndoo yake akaendelea, na mwisho wa mwezi hakuna aliyemlipa kwa kazi ya ukalimani.

Kwenye chumba kile kulikuwa na watu watatu. Aliyelipwa kidogo zaidi ndiye aliyekuwa na lugha nyingi zaidi, na bila yeye kusingekuwa na matibabu.

Ndiyo maana nikisikia mtu anasema hana muda wa kujifunza lugha, ninaguna. Nenda Gikomba. Mama anayeuza mitumba atakuitia bei kwa Kiswahili, amgombeze mbeba mizigo kwa Kikuyu, acheke na jirani kwa Kikamba, na ukimletea mteja kutoka Eastleigh atamhesabia pesa kwa Kisomali. Hana cheti cha hata moja. Hajalipa ada. Anaamka saa kumi alfajiri na ana watoto wanne. Kama muda ndio ungekuwa shida, yeye ndiye angekuwa na lugha moja, na mtu wa Kilimani mwenye wikendi mbili za bure kila mwezi angekuwa na sita. Hali ni kinyume kabisa. Tunajifunza pale tunapolazimika, na kuwa na pesa ni kuwa mbali na ulazima.

Hapo sasa tunafika kwa wageni wetu. Nairobi ina makao makuu ya mashirika ya Umoja wa Mataifa kule Gigiri, ina balozi, ina watafiti wanaokuja kama mvua za masika. Nimefanyia kazi baadhi yao, na wengi ni watu wazuri. Mmoja alikuwa ameandika kuhusu mitaa ya mabanda ya jiji hili kwa karibu miaka kumi. Nilienda naye kwa mama mmoja mwenye kibanda cha samaki. Yeye anauliza, mimi natafsiri, mama anajibu, mimi natafsiri tena. Mama akisema kitu cha kuchekesha, mimi nacheka, halafu naeleza, halafu mtafiti naye anacheka. Kicheko chake kilikuwa kinafika kimechelewa kila mara, kama sauti ya simu ya zamani. Katikati ya mahojiano mama akamgeukia yeye moja kwa moja: "Na wewe, kwenu ni wapi? Wazazi wako wako hai?" Yule bwana akatabasamu kwa upole wote wa dunia akajibu, "Asante sana."

Mama hakuudhika. Aliniangalia tu, akaendelea kupaa samaki. Lakini kuanzia hapo majibu yake yakawa mafupi. Nadhani alikuwa amejua jambo fulani: kwamba yeye ataulizwa na hawezi kuuliza. Alikuwa somo la mtu, hakuwa mtu wa kuongea naye.

Mpaka hapa mtu angeweza kudhani nimeshapata jibu langu: jifunzeni lugha za watu, mtakuwa watu wema. Ingekuwa rahisi hivyo, tungekuwa hatujatawaliwa. Wakoloni walijifunza Kiswahili. Maafisa wa serikali ya kikoloni walitahiniwa Kiswahili, na walowezi wa bara walikuwa na chao, kile tunachokiita Kisetla. Mwaka 1936 kulitoka kitabu cha mazoezi cha F. H. Le Breton cha Kiswahili cha bara, na kwenye kichwa chake kilitaja wanaokusudiwa: askari, mlowezi, mchimba madini, mfanyabiashara, na wake zao. Kisetla kilikuwa Kiswahili kilichokatwa viungo. Ngeli zimetupwa, adabu imetupwa, kilichobaki ni vitenzi vya kuamrisha. Leta. Ondoa. Chemsha. Fungua geti. Ngoja hapo. Mlowezi angeweza kuishi nacho miaka thelathini Nakuru au Nanyuki na kusema, kwa kiburi kabisa, kwamba anajua lugha ya wenyeji.

Kwa hivyo kujifunza lugha peke yake si wema. Unaweza kujifunza lugha ya mtu ili umpande kichwani vizuri zaidi.

Na Kisetla kina ndugu yake, ambaye kwa wengi wetu yuko nyumbani. Binamu yangu alifanya kazi za nyumbani Saudia kwa miaka miwili na nusu. Aliporudi tulimwambia atuongeleshe Kiarabu. Akacheka, akaanza: taali, yalla, njoo, haraka, safisha, peleka, mtoto analia. Tukagundua kwamba Kiarabu chake chote kilikuwa amri, ila alikuwa amekijifunza kutoka chini. Mlowezi alijua namna ya kusema "leta". Binamu yangu alijua namna ya kuisikia. Ni lugha ileile ya nusu, imeonwa kutoka pande mbili za mlango wa jikoni.

Lakini kulikuwa na sentensi moja aliyoitamka tofauti. Alikaa wima kwanza. "Wen ratib?" Mshahara uko wapi? Alituambia ilimchukua miezi minane kuijua na mwezi mwingine mzima kupata ujasiri wa kuisema. Alifundishwa na Mfilipino wa nyumba ya jirani, juu ya paa, wakianika nguo. Siku aliyoisema, mama mwenye nyumba alimtazama kana kwamba meza imeongea. Mshahara ulitoka baada ya wiki moja. Mpaka leo akisimulia hadithi hiyo hasemi "nililipwa". Anasema, "Nilimjibu."

Tangu nisikie hadithi hiyo nimekuwa na kipimo changu. Ukitaka kujua kama mtu amejifunza lugha ya wengine kwa heshima, usimuulize ana maneno mangapi. Angalia kama wale wenye lugha wanaweza kumkatalia na akaelewa. Je, wanaweza kumrekebisha? Kumtania? Kumuuliza kwao ni wapi? Mlowezi hakujifunza neno "hapana" kwa sikio, maana hakutarajia kuambiwa. Lugha ya kuamrisha inakwenda upande mmoja tu. Lugha ya kweli inakuacha wazi ujibiwe.

Na hiyo, nadhani, ndiyo sababu wenye nguvu hawapendi kujifunza lugha hata wakiwa na muda na pesa. Kujifunza lugha ukiwa mtu mzima ni kukubali kuwa mdogo mbele ya watu ambao kwa kawaida wako chini yako. Mkurugenzi akianza kuongea Kikamba, soja wa geti anakuwa mwalimu. Anamrekebisha matamshi. Anamcheka kidogo. Kwa dakika tano ngazi imegeuzwa, na kuna watu hawawezi kuvumilia dakika tano.

Sasa tuache wageni, tujiangalie sisi. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema lugha ya taifa ni Kiswahili, na lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Inasema pia serikali itakuza na kulinda lugha za watu wa Kenya. Tangu 8-4-4 kila mtoto amefanya mtihani wa Kiswahili. Kwenye karatasi tuko sawa. Lakini nenda kwenye esteti yoyote yenye geti na ukuta, usikilize mtoto wa miaka saba akiongea na msichana wa kazi. Mtoto anaongea Kiingereza cha katuni. Msichana, aliyetoka Kitui au Vihiga miezi mitatu iliyopita, anatafuta maneno ili aweze kumwambia mtoto wa watu avae viatu. Mzazi anafurahi kwamba mtoto hana "lafudhi". Mtoto huyo amezaliwa Nairobi, na tayari dunia inamjia. Tumezalisha mtalii nyumbani kwetu.

Na lugha za majirani zetu je? Hapo ndipo aibu yetu kubwa iko. Nchi yenye lugha zaidi ya arubaini, na ukijifunza moja ambayo si ya baba yako watu wanadhani unachumbia. Tunasoma Kifaransa Alliance Française. Tunasoma Kichina pale Chuo Kikuu cha Nairobi, ambapo Taasisi ya Confucius ilifunguliwa 2005, ya kwanza Afrika. Ni vizuri, na kama una nafasi nenda. Lakini sijui darasa lolote la jioni mjini linalojaa watu wanaotaka kuelewa jirani yao wa ghorofa ya tatu.

Kuna historia hapa na si ya kuchezea. Vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007 zilipoisha, redio za lugha za mama zililaumiwa kwa kuchochea, na kwa haki. Watu walikuwa wamekufa. Tangu hapo tumefundishwa kwamba ukiwa ofisini au kwenye matatu, kuongea lugha ya nyumbani mbele ya wengine ni ukabila. Naielewa hofu hiyo. Nimewahi kukaa kwenye gari ambapo kila mtu alibadilisha lugha ghafla na mimi nikabaki nikihesabu vituo. Lakini angalia dawa tuliyochagua. Ninaogopa lugha ya jirani kwa sababu siielewi, kwa hivyo jirani anyamaze. Hakuna aliyesimama kusema kwamba labda dawa ni mimi niielewe. Tulikwenda Kiingereza na Kiswahili kama watu wanaokwenda kukaa sebuleni na kufunga milango ya vyumba vyote. Sebuleni kuko salama. Ila watu hulala vyumbani, na huko ndiko wanakosema wanayofikiria.

Rafiki yangu wa mambo ya kompyuta ananiambia haya yote yataisha. Simu itatafsiri. Utaweka kitu sikioni, mwenzako ataongea Kiturkana, wewe utasikia Kiingereza. Sina ugomvi na simu. Kama ingekuwepo siku ile hospitalini, nyanya angehifadhi siri zake na yule mama angemaliza kudeki mapema. Mashine ya namna hiyo iwekwe kesho kwenye kila kliniki. Lakini itabeba maneno tu. Haitakufanya uwe mdogo mbele ya mtu. Utabaki pale ulipokuwa umekaa, na sasa hata ule ukimya uliokuaibisha kidogo utakuwa umeondolewa.

Wengine wananiambia nadai makubwa. Lugha zaidi ya arubaini, nitajifunza zipi? Hilo ni swali la haki, na jibu langu ni dogo. Sidhani kuna mtu anadaiwa lugha zote, wala nyingi. Nadhani unadaiwa moja: ya mtu anayekubebea mzigo kila siku. Anayekulelea mtoto, anayekufungulia geti, anayekuuzia chakula, mgonjwa wako kama wewe ni daktari, mtu unayeandika habari zake kama wewe ni mwandishi. Wala hudaiwi ufasaha. Unadaiwa ufike kiwango ambacho mtu huyo anaweza kukuambia hapana kwa lugha yake na ukalipata. Kwa hesabu yangu hicho kiko chini ya B1 kwa mbali, na hakina ada ya mtihani.

Na deni hili si sawa kwa wote. Yule nesi anayefua nguo ameshalipa. Mama wa mopu ameshalipa, tena anadai. Binamu yangu ameshalipa. Deni liko kwetu sisi ambao hesabu zetu zinasema si lazima. Kufanya jambo jema ukiwa umelazimishwa ni vizuri, lakini hakuonyeshi mengi kukuhusu. Pale usipolazimika ndipo unapoonekana wewe ni mtu wa aina gani.

Mimi najifunza Dholuo kwa mama wa samaki. Nilirudi kwake peke yangu baadaye, bila kinasa sauti. Hanitozi, ila ameweka sharti: lazima ninunue omena kila nikija, na lazima niziitishe kwa lugha. Naenda polepole sana. Neno la kwanza alilonifundisha lilikuwa salamu, la pili lilikuwa bei, la tatu lilikuwa "ok adwar", sitaki, kwa sababu anasema mtu asiyejua kukataa atauziwa samaki aliyelala. Wateja wake wananicheka. Mzee mmoja hunirekebisha hata nikiwa sijakosea. Majirani wameshaamua nina mchumba Siaya, na wanasubiri kumwona.

Wiki iliyopita nilimuuliza wanasemaje "kuelewa". Akasema "winjo". Nikamwambia si hiyo ndiyo "kusikia"? Akasema ni hiyohiyo, kwani kuna tofauti? Halafu akanipa nyingine, "winjruok", watu kusikiana, na akaeleza kwamba ndivyo unavyosema wakati mmeafikiana, wakati hakuna vita. Nilitembea nayo hadi stendi nikiigeuza kichwani, mpaka nikakumbuka kwamba Kiswahili nacho kinasema vivyo hivyo. Tukimaliza kubishana bei na wote tukaridhika, tunasema tumesikizana.